Kipande cha Mwenye Aliitisha

Kama uko kwa benchi ya hospitali saa hii, na mtu ameenda kuulizia majibu ya damu yako, hii ni yako. Nitaenda haraka, mimi sina subira. Hata kwa mashine ya kusafisha damu manesi walikuwa wananiita Bado Kidogo, kwa sababu kila nikiuliza kama tumemaliza hiyo ndiyo jibu nilikuwa napewa.

Naitwa Mutheu. Nimezaliwa Nuu, huku Kitui. Nilimaliza kidato cha nne, na kabla hata sijajua nitafanya nini na maisha, nikaanza kufura. Kwanza macho asubuhi. Halafu miguu, mpaka ukinibonyeza na kidole shimo inabaki hapo kama kwa unga. Halafu nikashindwa kupumua nikilala. Figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Daktari wako atakuelezea mambo ya figo vizuri kuniliko. Mimi nataka kukuambia mambo ya nyama.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mimi, kaka yangu Musyoka mwenye anaendesha boda, na Susu, nyanya yetu, mama ya baba. Baba mwenyewe, Ndunda, alikufa na ugonjwa kama huu wangu nikiwa darasa la pili, kabla mashine zifike karibu na sisi. Alikufia kwa nyumba ya Susu, amefura. Baada ya mazishi Mama alirudi kwao Kilungu, anauza machungwa hapo barabarani. Hakututupa, alikuwa anakuja na kutuma vitu. Lakini yeye na Susu walikuwa wanaongea kama watu wako kwa foleni ya benki. Na kitu kingine: Mama akija Nuu hakuwa anakula nyama. Ukimwekea anasukuma sahani, anasema nyama ilimkataa. Sisi tulidhani ni maringo ya watu wa milimani.

Mashine ilikuwa Mwingi, Jumanne na Ijumaa. Musyoka ananibeba na pikipiki, nimefungwa leso mbili juu ya nguo, vumbi inaingia mpaka kwa meno. Tukifika tunapimwa kilo kama ndengu za sokoni, ndio wajue umekuja na maji ngapi mwilini. Wewe hukojoi tena, kwa hivyo chochote umekunywa kinakungoja ndani. Nilikuwa nakuja na mingi kila mara. Sista anaangalia mizani, ananiangalia, anasema, "Bado Kidogo, ulikunywa mto gani tena?"

Kiti changu kilikuwa karibu na cha Mama Halima, mama mmoja Msomali mwenye familia yake inauza mifugo hapo mjini. Alikuwa kwa mashine kabla yangu na alikuwa na mdomo. Alikuwa anakuja na kamkebe kake ka nyirinyiri, ile nyama wanakata ndogo ndogo na kukaanga mpaka inakauka, anatafuna akiangalia ile televisheni yenye haina sauti.

"Wewe msichana," ananiambia, "ukitembea mifupa yako inapiga kelele. Kwenu hakuna mbuzi?"

"Wako. Susu anachinja kila wakati."

"Anachinjia nani? Fisi?"

Nilikuwa nanuna. Kwa sababu Susu alikuwa anachinjia mimi.

Mwezi wa nne, mvua imekuja kidogo ikaenda, ndio tulienda Nairobi kuonana na daktari wa kupasua. Musyoka alikuwa amepimwa na figo yake ikakubaliana na mimi. Nilienda hapo nimevaa nguo ya kanisa, nikijua nitapewa tarehe. Daktari aliangalia karatasi, akaguza mkono wangu hapa juu penye kunafaa kuwa na nyama, akatikisa kichwa.

"Protini ya damu iko chini sana. Albumini yako ni ishirini na mbili. Nikikupasua hivi, kidonda haitafunga, na figo ya kaka yako itapotea bure. Ipande mpaka thelathini na tano, urudi."

"Nikikaa sana je?"

Hakunidanganya. "Wagonjwa wenye albumini yao iko chini hivi hatukai nao sana. Kula. Nyama, mayai, samaki. Unakula nyama?"

"Nakula," nikasema. Na sikuwa nadanganya. Kwa akili yetu nilikuwa nakula.

Sasa wacha nikuambie vile Susu alikuwa anafanya. Anachagua mbuzi, jirani anachinja. Susu anachukua kichwa, miguu, mifupa, na ile nyama nzuri yote, anaweka kwa sufuria kubwa na mizizi yenye amechimba mwenyewe. Inachemka kutoka asubuhi mpaka jua inashuka. Halafu anamimina ile supu kwa kikombe cha bati, nyeusi, mafuta inaelea, anakaa mbele yangu kwa kigoda.

"Kunywa yote mwanangu. Usiache nguvu kwa kikombe."

Kwetu kila mtu anajua nguvu ya mbuzi inaingia kwa supu. Nyama yenye imebaki ni makapi tu, ya watu wenye meno na afya. Mama akizaa anapewa supu. Mzee akivunjika mguu, supu. Mgonjwa kupewa nyama ni kama kumtukana, ni kumpa kazi ya kutafuna na hana nguvu. Kwa hivyo mimi nakunywa, na Musyoka na watoto wa jirani wanakula hayo makapi.

"Sisi tunakula nyuzi," Musyoka alikuwa anasema akilamba vidole. "Wewe ndio unakunywa mbuzi mzima."

Na akanenepa! Mpaka watu wa steji ya boda wakaanza kumwita Bosi. Mimi nikaendelea kuisha. Nywele zilitoka na kitana. Mashavu yakaingia ndani, tumbo na miguu zikafura. Hapo ndio inachanganya watu, kwa sababu umefura, na jirani akikuona anasema, "Mutheu ameongeza mwili, Mungu ni mwema." Watu wa kanisa wakinisalimia kwa kunigonga bega nasikia uchungu mpaka kwa mfupa.

Tulipotoka Nairobi nilimwambia Susu vile daktari amesema, nile nyama. Akauza kuku wake wa mayai siku hiyo hiyo, akanunua mbuzi wawili akaongeza kwa zile zake. Ukame ulikuwa unakuja na watu wote walikuwa wanauza mifugo, yeye ananunua. Supu ikaongezeka. Asubuhi na jioni. Damu ikapimwa tena: ishirini.

Siku hiyo nilitaka kutupa kiti. Nilimwambia Mama Halima, "Nakunywa mpaka natapika na inashuka!"

Akaacha kutafuna. "Unakunywa nini?"

"Supu."

"Na nyama?"

"Nyama ni ya watu wa afya."

Aliangalia juu kama mtu anaomba Mungu amsaidie asicheke, halafu akashindwa. Alicheka mpaka mashine yake ikalia na sista akakuja mbio. "Wallahi huyu anakunywa maji ya kuoshea mbuzi! Sista, njoo usikie! Mbuzi wanakula majirani, yeye anapewa maji!" Halafu akaona uso yangu akanyamaza. Akasukuma kamkebe kake kwangu. "Kula mwanangu. Kula kwanza, tutalia baadaye."

Sista ndiye aliita yule dada wa mambo ya chakula. Akasema Ijumaa nije na mwenye ananipikia.

Susu alikuja amevaa sketi ya kanisa na kitambaa cheupe, akapanda nyuma ya pikipiki, mimi katikati yake na Musyoka. Alifurahi kuitwa. Alidhani wanataka kujua zile mizizi. Yule dada alikuwa msichana tu, Mkamba mwenzetu, akaongea na yeye Kikamba, pole pole, na heshima. Akamuuliza anapika aje. Susu akaeleza yote, hata dakika ya kuweka mizizi, kama mtu anafundisha.

Msichana akasikiza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Susu, umefanya kazi kubwa. Lakini ile kitu inajenga damu inabaki kwa nyama. Kwa supu kuna maji, na chumvi chumvi ya mifupa yenye figo yake haiwezi kutoa. Apewe nyama atafune, na mayai. Supu tumwachie mwenye figo zake zinafanya kazi."

Mimi nilikuwa naangalia mikono ya Susu. Alikuwa ameshika kibeti chake cha plastiki. Hakubishana, na Susu alikuwa mtu wa kubishana hata na pasta.

Akasema, "Mwanangu Ndunda alikuwa na hii ugonjwa. Wiki za mwisho alikuwa anaitisha nyama. Nikiwa kwa jiko ananiangalia, anasema, mwaitu, mama yangu, nipe kipande kimoja. Mimi namwambia, hapana, nyama si ya mgonjwa, kunywa supu upone. Aliitisha mpaka akanyamaza."

Msichana akamshika mkono haraka. "Susu, huyo alihitaji mashine, na mashine haikuwa. Hata angekula nyama, angeenda. Si wewe ulimuua."

"Sijakuuliza kama nilimuua," Susu akasema. "Nakuuliza kama alikuwa na njaa."

Musyoka alitoka nje akajifanya anaangalia pikipiki.

Kesho yake Susu akawasha moto kama kawaida. Akapika nyama kidogo, laini, bila chumvi. Kabla anipakulie alichukua kipande kimoja kizuri, akakiweka juu ya kifuniko cha sufuria, akakiweka kando. Halafu akanipa sahani, akakaa kwa kile kigoda, akahesabu na macho kila nikitafuna. Ile supu akajimiminia yeye kwa kikombe changu cha bati.

Kila siku ikawa hivyo. Kipande kwa kifuniko kwanza, halafu mimi. Baadaye paka alikuwa anakula, na Susu hakuwa anamfukuza. Musyoka alimwambia, "Susu, pasta akiona hii atasema ni mambo ya mizimu."

"Mwambie pasta si ya mizimu. Ni ya mwenye aliitisha."

Nyama mara ya kwanza ilikuwa ngumu kama kamba kwa mdomo wangu. Harufu ya damu chafu inaharibu chakula yote. Unasikia kama unatafuna sarafu. Nililia nikitafuna. Susu anasema tu, "Moja tena." Mayai nilikula nikishika pua. Kwa mashine Mama Halima ananipea nyirinyiri mbele na matusi nyuma, "Tafuna, ngamia wewe!" Mwezi wa sita albumini ikawa ishirini na saba. Nilikuja na habari nikipiga kelele kutoka kwa geti. Susu akasema, "Sawa," akaenda kuchuma mbaazi. Alikuwa ananijenga na yeye akiisha. Hakuwa anakula nyama tena. Supu tu, na ugali kidogo. Usiku nilikuwa namsikia akiomba, na kwa maombi hakuna jina langu, ni Ndunda, Ndunda.

Mbuzi waliisha mpaka akabaki mmoja wa kike mwenye madoa. Jioni moja aliita Musyoka na mimi hapo kwa zizi. "Nikienda, huyu asichinjiwe watu wa matanga. Ni nyama ya Mutheu. Mmesikia wote wawili?" Musyoka akamwambia aache maneno ya kuita kifo. Susu akamwuliza tena, "Umesikia?"

Alikufa kwa ile baridi ya mwezi wa saba, wakati ukungu hautoki Nuu mpaka saa nne. Musyoka alimpata asubuhi kwa jiko, amekaa kwa kigoda, moto haujawashwa. Nilikuwa nafaa kwenda mashine siku hiyo. Nilienda. Mashine haingojangi mtu kulia. Nilikaa hapo damu yangu ikizunguka nje ya mwili. Mama Halima alinyoosha mkono wake wenye hauna sindano, nikaushika mpaka tukamalizwa.

Mazishi ikaja na vita. Baba mdogo Kitheka, ndugu ya baba, alitoka Mbooni na watu wengi. Mama akatoka Kilungu na gunia ya maharagwe na kabichi. Kitheka akazunguka boma, akaona yule mbuzi.

"Huyu atoke hapo, achinjwe. Watu wametoka mbali."

Musyoka akasema, "Huyo ni wa Mutheu. Susu alisema."

"Mtoto, unataka watu wale maharagwe kwa mazishi ya mama yangu? Nitaitwa nani huko Mbooni?"

"Utaitwa Kitheka."

Wengine wakacheka, yeye akakasirika zaidi. Akaanza kufungua kamba. Musyoka akaishika upande ule mwingine, na mbuzi katikati akilia. Kitheka akaniangalia, akalegeza sauti kama mtu ameleta amani. "Sikieni basi. Mutheu apewe supu yote, hata tone hakuna mtu atamguzia. Sisi tuchukue tu nyama. Si hivyo ndio mama alikuwa anafanya?"

Nikaenda nikashika mbuzi shingo.

Mama ndiye aliongea. Alikuwa ameinama kwa sufuria ya maharagwe, akasimama na mwiko mkononi.

"Kitheka, wacha hiyo kamba. Mume wangu alikufa akiitisha nyama kwa hii jiko. Mama yako alikuwa anachemsha, mimi ndio nilikuwa namshikia kikombe cha supu. Na ile nyama tulikula. Mama yako alikula, mimi nilikula, wewe ulikuja na bibi yako mkakula mkafungiwa ingine. Ndunda akituangalia. Hatukujua. Lakini saa hii hospitali imetuambia, tunajua. Wacha kamba."

Mimi nilikumbuka, kama mtu amenipiga. Nikiwa mdogo, mguu wa mbuzi mkononi, nimekaa karibu na kitanda ya baba. Hata mimi nilikula.

Kitheka akafunga mbuzi tena kwa mti wake, mwenyewe, akajaribu fundo kama imeshika. Tulizika Susu na watu wakala muthokoi, ile mahindi ya kutwangwa, na maharagwe, na hakuna mtu alilalamika mahali naweza kusikia.

Mbuzi alichinjwa baada ya wiki mbili. Mama alikuwa amebaki. Alikata nyama nyembamba, akakausha juani, akawa ananipea kidogo kidogo na mayai, na alinisimamia kuliko hata Susu. Mwezi wa tisa, joto imerudi, sista alikuja na karatasi akiificha nyuma ya mgongo. "Bado Kidogo," akasema, "hiyo jina imeisha." Thelathini na sita. Mama Halima akapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuangalia nani ameolewa.

Tulipasuliwa Nairobi, mimi na Musyoka, milango miwili tofauti. Kidonda changu kilifunga. Siku ya kwanza kukojoa nililia kama mtoto, na Musyoka kutoka kwa kitanda chake akaniambia, "Pole pole, hiyo mkojo ni yangu."

Kwa hivyo wewe mwenye unasoma kwa benchi: uliza. Ukiambiwa kula, uliza ule aje, na mwambie vile inapikwa kwenu, hata kama unaona ni kitu ya kujulikana. Na usiangalie mwili kufura ukadhani ni afya. Kila mtu ana chakula chake, mwenye hajaanza mashine anaambiwa tofauti na mwenye ameanza, kwa hivyo usifuate yangu, fuata yako. Lakini uliza.

Tulirudi Nuu mvua ya mwezi wa kumi na moja imeanza, Mama ametutangulia. Alikuwa amebakisha nyama ya mwisho ya yule mbuzi. Akapika. Alipotaka kupakua nikamwambia, "Ngoja," nikachukua kipande kimoja nikakiweka juu ya kifuniko, kando. Mama hakuwahi kuona Susu akifanya hivyo.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya mwenye aliitisha."

Mama aliangalia kile kipande. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Paka alikuja karibu. Mama akamsukuma na mguu, akachukua kipande, akakipasua mara mbili na vidole, akanipa nusu. Ile ingine akaweka kwa mdomo wake. Alitafuna muda mrefu, macho kwa ile kona penye kitanda ya baba ilikuwa, halafu akameza.